Moto wa Nyumba ya Mwisho

Msichana niliyekaa naye dawati moja darasa la nne alinuka moshi. Utasema sote tulinuka moshi, na ni kweli. Kijijini kwetu, huko Nyamigogo, hapakuwa na mtu aliyepikia kitu kingine zaidi ya kuni. Lakini moshi wetu ulikuwa wa jana jioni, na kufikia asubuhi ulikuwa umeshachoka. Wake ulikuwa mbichi. Alikuja nao shuleni kama mtu aliyetoka jikoni dakika hiyo hiyo, macho mekundu, na kabla hata ya kengele ya mapumziko kichwa chake kilikuwa kimeshalala juu ya daftari. Mwalimu mkuu alimchapa kwa kulala. Alichapwa, akakaa, akalala tena.

Mimi nilizaliwa na ugonjwa wa kutaka kujua. Mama alizoea kusema kwamba siku nikifa nitafufuka kwanza nimuulize mchimba kaburi kwa nini amelichimba upande ule. Basi moshi ule ulininyima raha.

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Sisi tulikuwa Wasukuma. Baba alikuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga akitafuta malisho, na ilipofika zamu ya kuhamia vijiji vya ujamaa tukapangwa kwenye mstari mmoja na Wasubi, wenyeji wa pale, pamoja na familia chache za Wahangaza waliotoka Ngara. Nyumba zilifuatana zimenyooka kama mahindi ya shamba la serikali. Kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wake, na balozi wa mstari wetu alikuwa baba yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani na cha mikutano, na yeye na herufi ya r hawakuelewana mpaka siku anazikwa. Jambo hilo halikumzuia kuhutubia.

Rafiki yangu wa dawati alikuwa wa nyumba ya mwisho ya mstari huo. Baada ya mlango wao ni pori. Walikuwa Wahangaza. Mama yake alifariki akiwa mdogo, bibi aliyemlea naye akafuata, akabaki yeye na baba yake, mtu mpole aliyekuwa mgambo kama wanaume wengi wa rika lake. Vita vilipopamba moto kule ng'ambo ya mto Kagera, lori lilikuja kuwachukua mgambo. Siku ile ulifanyika mkutano wa hadhara, na mwenyekiti wa kijiji akapanda juu ya meza akatangaza kwamba kuanzia leo watoto wa wapiganaji ni watoto wa kijiji. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mimi nilipiga zaidi ya wote, na nilimwonea wivu rafiki yangu. Kuwa mtoto wa kijiji kizima niliona ni kupandishwa cheo.

Na kwa upande wa chakula ilikuwa kweli. Baba alipanga zamu ya nyumba za mstari wetu, leo anakula hapa, kesho pale. Hakuna mtoto aliyekula vizuri kama yeye mwaka ule. Kwa Wasubi alikula ndizi na maharage, kwetu ugali na maziwa ya mgando, na kila mama alitaka aonekane hakumpunja mtoto wa mpiganaji. Akimaliza kula alishukuru, ananawa, anaondoka.

Anaondoka anakwenda wapi? Hapo ndipo niliposhikwa na swali langu.

Nilimuuliza baba akiwa mezani, yaani akiwa kwenye kigoda na bakuli.

"Baba, yule analala wapi?"

"Kwa katekista," alisema. "Wale wana nafasi, tena wana loho ya huluma. Kula."

Nilikula, ila kesho yake nikamvizia mke wa katekista kisimani. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza kama mgeni wake hajambo. Alinishangaa. "Yule? Mbona alikaa kidogo tu akatoroka! Tulimtandikia vizuri, tukasali naye, asubuhi hayupo. Si yuko kwa mama muuguzi? Alionekana anaingia zahanati."

Nikaenda zahanati na tumbo la kusingizia. Mama muuguzi alikuwa Mhaya, mwanamke wa kucheka kwa sauti, japo miezi ile hakucheka sana kwa kuwa kwao kulikuwa karibu na huko mizinga ilikolia. Alinibonyeza tumbo, akajua mara moja kwamba sina kitu, akaniacha niulize nilichokuja kuuliza. Ndiyo, alimwona: alikuja na kidonda cha moto mkononi. Akamsafisha, akamfunga, akamwambia asicheze na moto, kisha akamweleza mwalimu mkuu kwamba mtoto hana utulivu na atafutiwe mahali pa kukaa.

Mwalimu mkuu haulizwi maswali na mtoto wa darasa la nne. Lakini zamu ya kupeleka maji nyumbani kwake haikukwepeka, na siku yangu ilipofika nilitua ndoo, nikafuta jasho, nikasema kwa adabu zote kwamba mwenzangu wa dawati amefaidi kupatiwa makao na shule.

"Shule haitoi makao," alisema bila kuinua macho. "Suala hilo nimelirudisha kwa balozi wake."

Balozi wake alikuwa baba yangu. Nilikuwa nimezunguka kijiji kizima na kurudi kwenye kigoda na bakuli.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu hapo, na kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alimwona yule mtoto, akamwonea huruma, akamkabidhi kwa mwenzake, akaenda zake na moyo mweupe. Na wote walikuwa na dawa moja: ahame. Sishangai. Sote tulikuwa tumehamishwa. Shamba limechoka, hama. Uko mbali na zahanati, hama. Serikali imesema, hama. Watu walikuwa wameona nyumba zao zikiezuliwa na kesho wako kwenye mstari wakichimba misingi mipya. Ukiwa umeishi hivyo, mtoto akiwa na tatizo unajiuliza tu umhamishie wapi.

Mwenyewe sikuwa nimemuuliza. Hakuwa mtu wa maneno. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kifupi, na nyumbani alizoea Kihangaza ambacho hakikuwa na wa kukijibu tena. Jumamosi moja tulipotoka kulima shamba la shule nikamwambia, "Leo nakuja kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Popote unapolala."

"Njoo," alisema, "ila ubebe kuni."

Tulikwenda mpaka nyumba ya mwisho. Aliusukuma mlango kwa goti, nasi tukaingia, na moshi ule ule wa dawati langu ukanipokea. Katikati ya mafiga kulikuwa na gogo nene limelala kwenye majivu. Hapakuwa na chungu wala maji ya kuchemsha. Moto ulikuwa unawaka tu, mchana kweupe, na hakuna kilichopikwa.

"Huu ni moto wa baba," alisema.

Alinieleza akiwa amechuchumaa, anafukua majivu kwa kijiti kuangalia makaa. Baba yake aliuwasha kwa mkono wake asubuhi ile ya lori, kabla ya kuondoka. Bibi alikuwa amewafundisha: mwenye nyumba akienda safari ya hatari anauacha moto, na walio nyumbani wanautunza mpaka arudi aupikie yeye mwenyewe. Sijui kama hiyo ni desturi ya Wahangaza wote au ya nyumba yao tu. Nimeuliza watu wengi wa Ngara na kila mmoja ananijibu lake.

"Na ukizimika?"

"Haujazimika."

"Lakini ukizimika?"

Akasogeza gogo. Nikamwambia kwetu kuna makaa tele, naweza kumletea wakati wowote.

"Hayo ni ya baba yako," alisema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemsahihisha mtoto mdogo.

Ndipo nilipoelewa mambo yote kwa mkupuo. Kwa nini alitoroka kwa katekista, kwa nini mkono uliungua, kwa nini alilala darasani: usiku hakuwa akipata usingizi. Alikuwa akisinzia na kushtuka, anasogeza gogo, anafunika majivu, anasinzia tena. Peke yake, chini ya paa la nyasi kavu. Nikamuuliza kama haogopi. Akanionyesha mchi anaoukingamiza mlangoni, na akasema juzi kuna mtu aliusukuma mlango kutoka nje, akasukuma tena, naye akakohoa kwa sauti nene mpaka yule mtu akaondoka. Akanionyesha alivyokohoa. Alikunja shingo, akavimbisha kifua, akatoa kikohozi cha mzee wa miaka sitini. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamwona hacheki, na kicheko kikanikauka.

"Nitamwambia baba," nikasema.

"Ukimwambia watanihamisha."

"Nitamwambia asikuhamishe."

"Baba yako ni balozi tu," alisema, na nilikasirika kidogo, maana ilikuwa kweli. Akafikiri. "Mwambie aje aone mwenyewe. Asiniite niende."

Baba alisikiliza habari ya moto akiendelea kula. Nilipofika kwenye habari ya mlango aliweka bakuli chini. Mama alikwenda kulala na yule mtoto siku hiyo hiyo, na baba akaenda kwa katekista, kisha kwa mwalimu mkuu, kisha zahanati, akiwaambia neno moja: kesho baada ya ibada, nyumba ya mwisho, wote.

Walifuatana kwenye njia ya mstari: baba na fimbo yake ya ng'ombe, katekista na kanzu ya Jumapili, mama muuguzi, na mwalimu mkuu nyuma kwenye suti yake ya kaki. Mimi nilikuwa nimeshatangulia. Rafiki yangu alikuwa anatoka porini na mzigo wa kuni kichwani. Alipowaona wote wanne wakija pamoja aliuachia mzigo ukaanguka, akaanza kupiga kelele kwa Kihangaza. Sikujua maneno lakini nilijua anachouliza. Mama muuguzi alikimbia akamkumbatia, anamwambia hapana, hapana mwanangu, hakuna habari yoyote, baba yako hajambo, tumekuja kwa ajili yako tu. Ilichukua muda mpaka akapumua.

"Msije tena wote pamoja," alisema.

"Hatulejei tena," baba akamwahidi.

Kikao kilifanyika ndani, wakubwa wanne wamebanana kuzunguka mafiga, wanakohoa. Mimi nilikaa mlangoni na hakuna aliyenifukuza, nadhani kwa sababu hawakuona vizuri. Kila mmoja akatoa kipande chake. Muuguzi alieleza kidonda, mwalimu usingizi, katekista kutoroka, baba zamu za chakula. Walikuwa wakishangaana. Nakumbuka mama muuguzi alimgeukia mwalimu akasema, "Kumbe ulikuwa unamchapa kwa kukesha?" na mwalimu akaangalia moto.

Lakini hakukubali upesi. Alisema huu ni ushirikina, nchi inajenga watu wa kisasa, mtoto ahamishiwe nyumba yenye watu na jambo liishe. Sauti yake ilikuwa ya ubaoni.

Katekista, ambaye nilitegemea amuunge mkono, alijikuna kidevu. "Mwalimu, hata sisi pale kanisani tuna taa ambayo haturuhusu izime."

"Hiyo ni dini."

"Na mwenge je?" baba akauliza. "Unakimbizwa nchi nzima, mchana na usiku. Ukizimika mikononi mwako, mwalimu, utalala nyumbani kwako siku hiyo?"

Mwalimu mkuu alicheka. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake ya ndani. Alicheka na moshi ukamwingia kooni, akakohoa, akafuta macho, na baada ya hapo hakutaja tena ushirikina.

Mama muuguzi hakuwa na habari na taa wala mwenge. Alikuwa amemwinamia mtoto. "Niambie, mtu mwingine anaweza kuuchochea?"

Rafiki yangu alifikiri. "Anaweza kuchochea. Asiuwashe tu."

"Na wewe ukiwa umelala, mwingine akauangalia, ni sawa?"

"Kama hatasinzia."

"Basi," baba akasema, akasimama na kichwa kikagonga nyasi. "Tumezoea kuhamisha watu. Safali hii tuhamie sisi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mke wa katekista, mama muuguzi na mama yangu wakagawana zamu ya kulala kwenye nyumba ya mwisho. Katekista aliufanyia mlango komeo la mti mgumu. Baba aliondoa nyasi za paa zilizoning'inia karibu na moto na kumwomba kijana wa mstari wa pili alale kwenye kibanda cha jirani. Mwalimu mkuu aliagiza kila mwanafunzi wa darasa letu alete gogo Jumamosi, na rafiki yangu akiinamisha kichwa darasani alipita kimya kimya. Mwalimu mwenyewe hakuja tena pale. Alisema zamu ni za kina mama, na kwamba yeye na moshi hawapatani. Aliyesukuma mlango hakujulikana, na mpaka leo wapo wazee fulani wa kijiji kile ninaowaamkia huku nawatazama kwa jicho la pembeni.

Mama alipokuwa na zamu nilikwenda naye. Nilichotaka kujua ni kama moto wa baba wa mtu una tofauti na moto mwingine, na nilikaa nikiutazama sana. Hauna. Unataka kuni tu na mtu asiyesinzia. Lakini niligundua kwamba rafiki yangu akilala kweli huwa anakoroma, na mama alifurahi kukoroma kule kana kwamba ni ngoma ya harusi.

Na zamu zilikuwa na faida ambayo hakuna aliyeipanga. Wakubwa wale walijifunza kupeana habari. Mke wa katekista akiona mtoto anakohoa, asubuhi alipita zahanati kabla ya kwenda shamba. Muuguzi akija shuleni kuchanja, alisimama kwanza na mwalimu. Siku hizi vijana wanatuita kwenye semina kutueleza kwamba wadau washirikiane, wanachora mishale ubaoni, nami nakaa nyuma nikitafuta kwenye mchoro ni nani anayelala kule.

Vita vikaisha. Redio ilitangaza, tukaimba, na malori yakaanza kupita barabara kuu yakiwa yamejaa majani ya migomba na watu wanaopiga kelele. Mgambo wa kijiji chetu wakarudi, wamekonda, wengine na viatu vya watu wengine. Baba yake hakuwamo. Tuliambiwa wapo wanaokuja nyuma. Rafiki yangu aliongeza gogo.

Siku mwenyekiti wa kijiji alipokuja kwetu na kuongea na baba nyuma ya zizi, niliona baba anavua kofia. Mchana ule waliitana uani kwetu, wote wanne. Katekista alisema ni kazi yake kumweleza, kisha akaomba asindikizwe. Mama muuguzi alisema yeye amezoea, ataenda peke yake. Akasimama, akakaa tena.

"Mtoto alituomba tusiende wote," baba akasema.

"Najua," muuguzi akajibu. "Lakini nani atakwenda peke yake?"

Hakuna aliyekwenda peke yake. Nami, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sikutaka kujua kitu. Nilipita njia ya nyuma ya mashamba ya pamba nikafika kabla yao. Nilimkuta mbele ya mlango anapeta maharage. Mlango ulikuwa wazi na moto ulionekana ndani, umetulia. Nilikaa karibu naye nikaanza kuokota mawe kwenye ungo. Alinishangaa kwa kutouliza swali lolote.

Kisha akainua macho akawaona njiani. Safari hii hakupiga kelele. Aliwatazama mmoja mmoja mpaka wa mwisho, mwalimu mkuu na suti yake ya kaki. Akaniwekea ungo mapajani. Aliingia ndani, akachukua mtungi wa maji uliokuwa pembeni, akaumimina wote kwenye mafiga. Mlio wake nausikia mpaka sasa. Mvuke ulitoka mlangoni ukawafikia waliposimama.

Alitoka, miguu imelowa majivu.

"Shikamooni," alisema.

Hakuna aliyeweza kusema marahaba. Mama muuguzi alikuwa ameziba mdomo kwa khanga, katekista ameshika tasbihi, na baba yangu, ambaye hakuwahi kukosa hotuba, alikuwa anaitazama fimbo yake. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti na maharage yanamwagika.

Yeye alisubiri. Alipoona hawajibu, akauliza swali, kwa kile Kiswahili chake kifupi cha darasani.

"Leo zamu ya nani kulala hapa?"

"Yangu," akajibu mwalimu mkuu.

Alilala nje, kwenye ukuta wa mlango, amejifunika koti la suti. Ndani tulikuwa mama, mama muuguzi, rafiki yangu na mimi, na hapakuwa na moshi.